Mkwe wako kauliza "cheki ngapi?" wewe ukanuna

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 39, naishi Kisauni, Mombasa. Nina mke na watoto watatu: wa kwanza yuko gredi ya 8, wa pili gredi ya 4, kitindamimba ana miaka mitatu. Nimepata kazi Dubai ya kusimamia bohari. Mshahara ni kama 315,000 kwa mwezi pesa za Kenya, bila kukatwa kodi. Hapa napata 85,000. Nimemwambia mke wangu aache ualimu tuondoke sote mwezi wa nane, amekataa. Anasema nitangulie, wao watafuata. Najua ni mamake anayemjaza maneno. Huyo mama aliwahi kukaa Sharjah na marehemu mumewe, basi anajiona anajua kila kitu. Nilipoenda kumuaga alinikalisha akaniuliza maswali kama polisi: mshahara wa msingi ni ngapi, kodi ya nyumba nitalipa kwa cheki ngapi, watoto watasoma wapi. Niliondoka bila kunywa chai. Mkopo wa sacco tutaumaliza kwa miezi michache, na wadhamini ni mke wangu na rafiki yangu mmoja wa kazini, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Nitauza gari tupate tiketi. Mamangu ameshawaambia majirani kwamba tunahama. Sasa uso wangu nitauweka wapi? Nikienda peke yangu nikaoa huko, asije akanilaumu. Nimfanyeje mwanamke asiyemtii mumewe? – Baba Watatu, Kisauni.*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kazi. Najua inavyochoma kuleta habari njema nyumbani ukapokewa na maswali. Pole. Huruma yangu inaishia hapo.

Nimeifupisha barua yako, lakini hata ilipokuwa ndefu neno dirhamu halikuwamo. Unaenda kulipwa kwa dirhamu, kulipa nyumba kwa dirhamu, kununua maziwa ya mtoto kwa dirhamu, na mimi unaniandikia mshahara kwa shilingi. Mwanangu, 315,000 ni tamu masikioni. Imewalevya marafiki, imemlevya mamako, na mamako kawalevya majirani. Mkeo peke yake hakulewa, ndiyo ikawa kosa lake.

Haya, tuirudishe pesa kwao. Dirhamu moja ni shilingi 35 hivi, kwa hiyo umeahidiwa dirhamu 9,000. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997. Inayoyumba ni shilingi yetu. Mwanzoni mwa 2024 dirhamu ilikaribia shilingi 44, na katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi 35. Waliokuwa wakituma nyumbani dirhamu zilezile waliona zinapungua na hakuna mwajiri aliyewakata. Na hiyo hesabu ya kuzidisha kwa 35 inamfaa mtu anayechuma kule familia ikila huku. Wewe unataka wote mle kulekule. Sasa unazidisha za nini?

Chukua kalamu. Mshahara wa mwaka ni dirhamu 108,000. Chumba na sebule pale Deira, mtaa wa Dubai, usitegemee chini ya 60,000 kwa mwaka, na hapo mko watu watano, huyo wa gredi ya 8 analala sebuleni. Tuje shule. Dubai mtoto wa mgeni husoma shule ya kulipia, na mtaala wetu wa Kenya hutaukuta. Ziko shule za mtaala wa Kiingereza ambazo karo ya mtoto mmoja inakula zaidi ya nusu ya mshahara wako wa mwaka. Ziko za mtaala wa Kihindi zilizo nafuu, nyingine chini ya dirhamu 10,000. Nimekuhurumia, nimekuwekea 20,000 kwa wote wawili, pamoja na basi. Chakula cha watu watano, bila kula nje, 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000. Jumlisha: 104,000.

Umebakiwa na dirhamu 4,000 za mwaka mzima. Humo toa ada ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya nyumba, wanayokupachikia ndani ya bili ya stima na maji. Hiyo peke yake ni 3,000. Bili yenyewe bado, na kuanzia Juni mpaka Septemba kiyoyozi cha kule hakizimwi. Bima ya afya: mwajiri wa Dubai analazimika kukukatia wewe, lakini mke na watoto ni juu yako wewe mdhamini wao. Viza nne, vitambulisho vinne, simu, nauli. Mamako unayemtumia kila mwezi sikumgusa. Mkopo wa sacco sikuugusa.

Utaniambia mbona watu wanaishi. Wanaishi, tena wengi. Wengine wamepewa nyumba na kampuni. Wengine mke na mume wote wana kazi. Wengine wamekwenda Sharjah kwenye kodi ya chini, na kila alfajiri baba anaingia kwenye foleni ya magari kuelekea Dubai, jioni foleni ileile, akifika nyumbani watoto wamelala. Mkwe wako anaijua foleni hiyo, labda alikuwa akipasha chakula mara mbili kila usiku. Serikali ya kule inamruhusu mwenye mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba ya mwajiri, aite familia yake, basi watu wakiona viza imetoka wanadhani wamehakikishiwa maisha. Viza inakuruhusu kukaa. Haikupikii.

Sasa hizo cheki zilizokufanya uache chai ya watu ikipoa mezani. Kisauni unalipa nyumba mwezi kwa mwezi kwa simu, ukichelewa wiki unampigia mwenye nyumba mnaelewana. Dubai kodi ni ya mwaka, na mwenye nyumba anataka cheki zake zote mkononi siku ya kusaini, kila moja imeandikwa tarehe ya mbele, ziwe cheki moja, mbili au nne. Kadiri zinavyokuwa chache ndivyo bei inavyolegea, na mgeni asiye na historia benki hubanwa atoe pesa nyingi kwa mkupuo. Tuseme umebahatika kupata nne. Ya kwanza ni 15,000. Amana ya nyumba, kwa kawaida asilimia 5, ni 3,000. Dalali naye asilimia 5, 3,000. Amana ya stima na maji, 2,000. Umeshafika 23,000, ambazo ni zaidi ya shilingi laki nane, na hujanunua hata godoro. Mshahara wa kwanza bado hujauona. Cheki ya pili ikirudi kwa kukosa pesa, mwenye nyumba anaipeleka mahakamani ikatekelezwe, hana haja ya kuanza kesi upya. Na gari unaliuza la tiketi!

Mama wa watu alitaka kujua wajukuu zake watalala wapi. Wewe ukasikia polisi.

Swali lake la mshahara wa msingi nalo hukulielewa, maana ungelielewa ungelijibu kwenye barua. Kampuni nyingi za Ghuba hukata mshahara vipande: wa msingi mdogo, marupurupu ya nyumba, marupurupu ya usafiri. Kiinua mgongo kinapigwa kwa ule wa msingi peke yake, mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Kama katika 9,000 zako wa msingi ni 3,600, basi kwa kila mwaka wa jasho lako unaweka akiba ya dirhamu 2,520. Kama wa msingi ni 6,000, ni 4,200. Jumla ni ileile, kazi ni ileile, na ukiondoka mwenzio anabeba zaidi ya mara moja na nusu yako. Ofa unayo mkononi. Itazame leo. Nashuku hujaitazama, au umeitazama hukupenda ulichokiona ukaamua kukasirika kwanza.

Kuna kitu kingine nimekitafuta kwenye barua yako nikakikosa: mshahara wa mkeo. Wako wa sasa umeutaja, wa Dubai umeutaja, wake umeuita "ualimu" ukapita. Kama ameajiriwa na TSC, tume ya walimu wa serikali, kwa kudumu, ana pensheni mbele yake, na bila shaka hiyo kazi ndiyo iliyokuwa ikiwalisha miezi ambayo wewe hutaki kuikumbuka. Wazee wetu wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kipindi cha majaribio huko sheria inaruhusu kifike miezi sita. Ndani ya miezi hiyo kampuni inaweza kukwambia kwaheri kwa notisi ya siku 14, na viza za mke na watoto zinaning'inia kwenye yako. Mtarudi watu watano, mkeo hana kazi, watoto wameacha shule katikati ya mwaka, gari limeuzwa. Hapo ndipo utauhitaji huo uso unaouulizia.

Maana nadhani barua yote ni ya uso. Mamako ameshatangaza, na wewe hutaki kuonekana umeenda peke yako kama kijana wa kutafuta riziki. Unataka picha ya familia nzima uwanja wa ndege. Wanandoa wa siku hizi wananichosha na hili. Wanaweka habari kwenye status ya WhatsApp kabla hawajaiweka mezani wakala nayo. Mume anajua mahali mkewe anapoficha simu, hajui anapata kiasi gani. Mke anajua rangi ya gari watakalonunua, hajui deni la mumewe. Halafu mmoja akiuliza hesabu anaambiwa hana mapenzi, au hana utii. Utii gani, mwanangu? Mtu amekwambia tangulia, tutakufuata. Hajakwambia usiende. Hajakwambia talaka. Babu zetu walipanda majahazi na pepo za kusi kwenda Arabuni, na hakuna aliyewalaumu bibi zetu kwa kubaki na watoto Lamu na Mombasa mpaka kaskazi ivume. Ilikuwa ndoa na ikaitwa ndoa.

Na hicho kitisho cha kuoa huko nimecheka peke yangu. Kwa dirhamu zipi? Huyo bibi harusi utamlaza wapi, kwenye kitanda ulichokodi katika chumba cha wanaume sita? Mwanamume anayetishia mke wa pili kwa mshahara ambao hajaupokea bado hajawa tayari hata kwa huyo wa kwanza. Futa neno hilo. Kama umeshamwambia, mwombe radhi kabla hujasafiri, maana maneno ya namna hiyo yanakaa ndani ya nyumba kwa muda mrefu kuliko mkataba wowote.

Nenda peke yako. Ishi maisha ya kubana kwa miezi sita, kitanda cha kukodi si aibu. Majaribio yakiisha na mshahara umeingia kwa wakati kila mwezi, mke na watoto waje likizo ya shule kwa viza ya matembezi, waone nyumba za bei yako, wasikie joto. Kisha mkae na kalamu, wewe na yeye, hesabu iwe ya dirhamu tupu. Yeye aulize kwa mwajiri wake kama likizo bila malipo inawezekana, kabla ya mtu kutamka neno kujiuzulu. Huyo wa gredi ya 8 aachwe amalize ya 9 hapahapa. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vianze safari yake mapema: mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje kule Nairobi, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, kisha tafsiri ya Kiarabu. Na mkwe wako mwendee tena, safari hii na ile ofa mkononi, ukanywe na chai.

Limebaki la sacco. Unasema hakuna tatizo kwa sababu mdhamini ni mkeo. Ukiacha kazi, makato yanakoma kwenye mshahara wako, na usipolipa sacco inawageukia wadhamini. Kwa hiyo ulikuwa unamtaka aache kazi yake siku ileile unayomwachia deni lako. Jumatatu nenda ukaulize salio halisi, upange litalipwaje kutoka Dubai, na makubaliano yaandikwe. Halafu yuko huyo rafiki yako wa kazini, umemtaja mara moja tu ukampita. Yeye anajua kwamba unaondoka?