Mama anashindwa kuinuka kwenye kigoda

Ndugu wa Kongwa, umeuliza kama mama yako wa miaka 63, anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) miaka mingi na virusi vimefubaa, apumzishwe kazi zote kwa kuwa anashindwa kuinuka kwenye kigoda. Hapana, tafadhali. Kwa wanaozeeka na VVU misuli ya mapaja huweza kupungua mapema, na kukaa tu kunaimaliza.

Mpime kwanza. Kiti kigumu cha kimo cha magoti kiegemee ukuta, mikono aikunje kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Muda wa mara zote 5 ukizidi sekunde 15, miguu imelegea. Zoezi ni hilohilo: mara 8, apumzike, arudie, siku 3 kwa wiki. Akishindwa, weka mto juu ya kiti. Wengi hukosea kwa kujibwaga wakati wa kukaa. Ashuke polepole, maana kushuka nako kunajenga misuli, na asibane pumzi. Kigoda ni kifupi mno, kiweke kando kwa sasa.

Ugali wa uwele na mlenda havitoshi. Ongeza karanga, kunde, dagaa au yai.

Akiwa na ganzi nyayoni, kizunguzungu akisimama, au ameanguka, aeleze CTC (kliniki anakochukulia ARV) kabla ya kuanza, wampime presha, sukari na figo. Dawa asiache hata siku moja.