Greda huchonga barabara, au huitengeneza?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Kasulu, mkoani Kigoma. Mwanafunzi wangu kaandika kwenye insha, "Greda limechonga barabara ya kwetu." Mwalimu mwenzangu kamkata alama, anasema vinavyochongwa ni mbao na vinyago, barabara hutengenezwa. Tukaishia kubishana pia juu ya "kujengwa kwa kiwango cha lami". Kwa nini wasiseme tu "kuwekwa lami"? Tuamulie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mtoto arudishiwe alama zake.

Kuchonga ni kuondoa kidogo kidogo kwa makali mpaka kitu kipate umbo linalotakiwa, na greda hufanya hivyo hivyo. Siku likipita kwenu, litazameni. Lile bamba refu la chuma lililokaa mshazari chini ya tumbo lake hukwangua udongo uliovimba, huuvuta kutoka mtaroni na kuuleta katikati, mpaka barabara inapata mgongo na maji yanateremka pande zote mbili. "Kutengeneza" si kosa, ila hakusemi kazi gani imefanyika. Fundi baiskeli naye anatengeneza. Zamani bamba hilo lilivutwa na farasi, baadaye trekta, hadi mwaka 1931 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilipotoa greda lenye injini yake lenyewe. Watu wetu hawakusubiri kamati ya istilahi. Walilitazama likifanya kazi, wakalipa kitenzi cha seremala.

Ila mwanafunzi asidhani kuchonga ni kujenga. Barabara iliyochongwa bila kumwagiwa kifusi na kushindiliwa huwa nzuri mpaka mvua zianze. Wahandisi huiweka kazi hiyo kwenye "matengenezo ya kawaida". Wakichagua kipande kile kinachokwamisha magari tu, husema "matengenezo ya sehemu korofi", na hapo nawavulia kofia: neno tulilozoea kumpa mtu msumbufu limekaa vizuri kabisa kwenye tope.

Sasa hicho "kiwango cha lami". Najua kinanuka karatasi za ofisini, lakini nitakitetea. Kuweka lami ni tendo moja, tena la mwisho mwisho. Kujenga kwa kiwango cha lami ni kuinua tuta, kuchimba mitaro, kuweka makalvati ya kupitishia maji chini ya barabara, kushindilia tabaka juu ya tabaka, ndipo lami ije. Anayemwaga lami juu ya udongo mtupu ameweka lami, lakini kiwango hakipo, na magari yatalisema hilo mapema.

Wazo hilo lina wenyewe. Mskoti John Loudon McAdam, aliyekabidhiwa barabara za Bristol, Uingereza, mwaka 1816, alishikilia kwamba anayebeba uzito wa magari ni udongo wa chini, mradi usiloe. Kwa hiyo aliinua barabara juu ya ardhi ya kando, akaitandika mawe madogo yasiyozidi gramu 170 hivi, yaliyopondwa kwa nyundo na watu waliokaa chini, kama akina mama wanaoponda kokoto kandokando ya barabara zetu. Hakutumia lami hata tone. Magurudumu ya chuma ya magari ya farasi ndiyo yaliyoshindilia. Yalipokuja magari ya matairi ya mpira, yakawa yanainua vumbi na kuyaacha mawe wazi. Mwaka 1902 mhandisi E. Purnell Hooley wa Nottinghamshire akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kuchanganya mawe na lami. Lami yake ilitokana na makaa ya mawe, ya leo hutokana na mafuta ghafi. Kiswahili kimeziita zote lami na hakuna aliyedhurika.

Hapo pana kosa ninaloliona magazetini, la kuchanganya kokoto na changarawe. Kokoto hupondwa, nayo ina kona kali zinazong'ang'aniana ikishindiliwa. Changarawe huchimbwa kama ilivyo, na mara nyingi punje zake ni za mviringo, huteleza zisipopata udongo wa kuzishika. Barabara ya McAdam ilikuwa ya kokoto. Mwandishi akiiita ya changarawe ameibomoa.

Mafundi wana pia "lami nyepesi" na "lami nzito", na uzito huo haupimwi kwa mizani. Nyepesi hunyunyiziwa ikiwa ya moto, kisha kokoto humwagwa juu yake na kushindiliwa. Nzito huja imeshachanganywa na kokoto, ikatandazwa kwa mashine. Mwanafunzi akiandika "barabara imewekwa lami nyepesi", msimkate kitu.

Mkitaka kosa la kukata alama, lipo: "kuziba viraka". Linasikika kila siku. Kinachozibwa ni shimo, kiraka kinawekwa. Ukiziba kiraka, shimo umemwachia nani?