Gesti za Barafuni: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Nyumba za Njiani za Kaskazini

Makala yangu kuhusu njia ya kale ya Valdez hadi Fairbanks, kule Alaska, na gesti zilizojengwa kando yake enzi za kukimbilia dhahabu, imeniletea maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimeyachukua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Waliouliza bei ya dhahabu ya leo wanisamehe. Mimi si sonara.

Je, ni kweli kwamba gesti hizo zilikuwa mabaa ya kamari, bastola na makahaba? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili nimekwisha kulijibu mara mbili, na hii ni ya mwisho. Mnachokiona kwenye sinema ni mjini. Kumbi za ulevi na kamari zilikuwako katika miji ya dhahabu kama Dawson, Nome na Fairbanks, ambako mchimbaji alifika akiwa na vumbi la dhahabu mfukoni. Nyumba ya njiani aghalabu ilikuwa jengo la magogo lenye chumba kimoja kikubwa, jiko la chuma, meza ndefu, vitanda vya mbao vilivyopandana ukutani, na waya uliovutwa juu ya jiko ambao kila jioni ulijaa soksi na viatu vya ngozi vya wageni, vikitoa mvuke na harufu ambayo hakuna mtengeneza filamu aliyewahi kuionyesha. Pombe iliuzwa katika baadhi ya nyumba, sikatai. Lakini mtu aliyekanyaga theluji tangu alfajiri, katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, alitaka maharage ya moto na pa kulala, tena baada ya kuwalisha mbwa wake kwanza.

Kwa nini zilijengwa karibukaribu, ilhali watu walikuwa wachache? (Msomaji, Eldoret)

Hili ndilo swali nililolingojea. Tumezoea kuambiwa kwamba dhahabu ndiyo iliyojenga nyumba hizi. Dhahabu ilileta watu: iligunduliwa Klondike, upande wa Kanada, mwaka 1896, na Fairbanks mwaka 1902. Kilichopanga nyumba iwe wapi ni miguu ya mnyama. Njia ya Valdez hadi Fairbanks ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 600, na nyumba zilikaa kwa wastani wa kilomita 15 hadi 30 kutoka moja hadi nyingine, yaani mwendo ambao mtu, farasi au kundi la mbwa lingeweza kuumaliza kabla giza, ambalo majira ya baridi huingia mapema mno, halijawakuta nje. Ukitaka kujua kasi ya msafiri wa enzi hizo, huna haja ya shajara yake. Pima umbali kati ya gesti mbili.

Ndiyo maana njia ilipohama, nyumba nayo ilihama. John na Florence Sullivan walijenga yao mwaka 1905, na njia ya majira ya baridi ilipobadilishwa, wakaibomoa na kuisimamisha upya ilikopita njia mpya. Magogo hayohayo yalihamishwa tena katika miaka ya 1990, kwani mahali yalipokuwa pamekuwa uwanja wa jeshi wa kufanyia mazoezi ya mabomu, na leo jengo hilo ni jumba la makumbusho mjini Delta Junction.

Biashara ilikuwa kubwa zaidi kiangazi, sivyo? (Msomaji, Tanga)

Sivyo. Kiangazi kule ni matope, mbu na mito isiyovukika kwa miguu. Baridi ndiyo hugeuza mto na kinamasi kuwa barabara. Huko Yukon, upande wa Kanada, meli za mtoni zilisimama kila maji yalipoganda, na ndiyo sababu mwaka 1902 ilifunguliwa njia ya nchi kavu kutoka Whitehorse hadi Dawson, yapata kilomita 530, ikiwa na nyumba zake za kubadilishia farasi. Barua hazikungoja masika.

Na kwa kuwa nimezitaja barua: mgeni wa heshima katika nyumba hizi alikuwa tarishi. Alipewa kiti kizuri mezani na kitanda kizuri chumbani, hata kama tajiri alitangulia kufika, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu aliyepita wa kwanza baada ya dhoruba na kufungua njia kwa ajili ya wengine wote mara nyingi alikuwa yeye.

Nasikia Balto, yule mbwa, aliiokoa Nome peke yake. (Msomaji, Mombasa)

Mbwa wa watu, aliyeongoza kundi la mwisho tu, amesifiwa vya kutosha. Januari 1925 dondakoo lilipozuka Nome, dawa ilisafirishwa kwa treni hadi Nenana, kisha kwa mbwa kilomita 1,085 zilizobaki. Waendeshaji wapatao 20 walipokezana, wengi wao matarishi na wenyeji wa asili, na dawa ikafika tarehe 2 Februari. Mapokezano hayo yaliwezekana kwa sababu njiani zilikuwapo nyumba zenye moto unaowaka, ambamo dawa ilisogezwa karibu na jiko isigande. Husimuliwa kwamba kijana Edgar Kalland alipofika Manley Hot Springs, mikono yake ilikuwa imegandia mpini wa sleji, na mwenye nyumba akamwagia maji ya moto ili aibandue. Huyo mwenye birika hana sanamu. Balto anayo, New York.

Je, ngamia waliwahi kutumika huko? Babu alinicheka. (Msomaji, Garissa)

Mwambie babu, kwa adabu, kwamba walitumika. Mwaka 1862 ngamia wasiozidi dazeni mbili, wa nundu mbili, walipelekwa kwenye njia ya Cariboo, iliyokwenda machimbo ya dhahabu katika British Columbia, Kanada. Mawe yaliwaumiza nyayo na harufu yao iliwatia kiwewe farasi na nyumbu, kwa hiyo jaribio halikudumu.

Mji wa 100 Mile House uko maili 100 kutoka wapi? (Msomaji, Kigoma)

Kutoka Lillooet, kwa njia ya zamani hiyohiyo ya Cariboo.

Ninaishi Minneapolis, nami nimeambiwa kwamba mwanamke wa hapa aliendesha gesti Alaska. (Msomaji wako wa ughaibuni)

Huyo ni Rika Wallen, na alikuwa Mswidi aliyepitia mji wako. Mwaka 1917 aliajiriwa katika nyumba ya John Hajdukovich, mhamiaji kutoka Montenegro, pale Big Delta, kwenye kivuko cha mto Tanana. Mwajiri alikuwa hodari wa safari na mzito wa kulipa. Mwaka 1923 akamwachia nyumba kwa dola 10 pamoja na mishahara aliyokuwa akidaiwa. Rika akafuga kuku, mbuzi, kondoo na nyuki, akalima bustani katika nchi ambayo wanaume waliishi kwa chakula cha makopo, na akawa msimamizi wa posta. Wanaotafuta mifano ya mwanamke na biashara wasiishie kwa Belinda Mulrooney, mwenye hoteli wa Dawson, ambaye alitajirika haraka. Kukaa ni kazi pia. Tena angalieni alichokosa mwishoni: daraja lilipojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, magari yakaacha kupita mlangoni pake.

Kwa hiyo zilikufa dhahabu ilipoisha? (Wasomaji watano, kwa maneno yaleyale)

La. Someni jibu la pili: kilichozipanga ni mwendo wa msafiri, na mwendo ukabadilika. Mwaka 1913 Bobby Sheldon aliendesha gari kutoka Fairbanks hadi Valdez. Mwaka 1923 reli ya Alaska ikakamilika. Mwaka 1924 Carl Ben Eielson akapeleka barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath. Anayekwenda kilomita 150 kwa siku hupita gesti sita na kulala ya saba.

Kabla ya hao wachimbaji na wenye gesti, nchi ilikuwa tupu? (Msomaji, Bukoba)

Haikuwa tupu hata kidogo. Sehemu kubwa ya njia ya Valdez ilipita katika nchi ya Waahtna, wenyeji wa asili, na vijia vyao vilikuwapo kabla ya mwanajeshi yeyote wa Marekani kushika kipimio cha kupimia njia. Nashauri mtilie shaka kila kitabu kinachoanza na neno "nyika".

Naenda huko mwezi wa saba. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Anzia Gakona, ambako jengo la mwanzoni mwa karne iliyopita lingali limesimama kando ya barabara, kisha upande hadi Big Delta. Usiamini kila kibao kinachosema "tangu 1900 na kitu", kwa kuwa nyumba za magogo zenye majiko huungua, na nyingi unazoziona ni za pili au za tatu. Ile ya Copper Center iliungua juzijuzi tu, mwaka 2012. Ukikuta magofu msituni, usiondoke na hata msumari. Na dawa ya mbu nunua kabla hujafika.