Suti Ikipwaya Ni Gunia: Baridi ya Cape Town Ilivyonifunza Kuvaa

Nimekulia Nungwi, Zanzibar, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaongoza wageni kupiga mbizi kisiwani Mnemba nikiwa na suti ya mpira ya kuzamia, unene wa milimita 3. Maji kule huwa nyuzijoto 25 hadi 29, na mgeni akilalamika baridi nilimwona anadeka. Kisha kazi ikanipeleka Cape Town. Siku ya kwanza, upande wa Atlantiki, kiangazi, jua la kuchoma utosi, saa yangu ya mbizi ikasoma nyuzi 11. Kumbe kule upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya chini, ya baridi, yakapanda kushika nafasi. Jua kali si habari njema.

Nilivaa suti ya kuazima, milimita 7, nikajiona nimejikinga. Dakika ya 12 vidole vikagoma. Kitufe cha kutia hewa kwenye jaketi la kuelea nakiona, kukibonya siwezi. Nilipopanda botini, jamaa mmoja wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi pale akanipitisha kiganja kizima mgongoni, ndani ya suti. "Ndugu yangu, hii si suti, hili gunia."

Wengi tunadhani yale maji yanayoingia ndani ndiyo yanayotupasha joto. Kinachokukinga hasa ni vipovu vya gesi vilivyomo kwenye mpira wenyewe. Maji yakiingia kidogo yakatulia, mwili utayapasha, hayana neno. Balaa ni yakitembea: kila ukipiga mapezi, ya moto yanatokea shingoni, ya baridi yanaingia, unaanza upya. Na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Hutoyaweza.

Kwa hiyo ukijaribu suti, chuchumaa, inama, nyoosha mikono juu. Ukiona imefanya mfuko kiunoni au kwapani, irudishe, hata muuzaji akikuapia. Bora ya 5 iliyokushika kuliko ya 7 inayopwaya. Ila shingo isikukabe, utapata kizunguzungu.

Kofia ya mpira niliidharau mpaka paji la uso liliponiuma kama nimekula barafu. Sasa navaa yenye kola ndefu, naichomeka chini ya shingo ya suti, na pale ndipo mlango mkubwa wa maji unapofungwa.

Usikimbilie kina. Mita 10 tu, shinikizo limeshakuwa maradufu, vipovu vimebanwa, na suti nene uliyoingia nayo imekuwa nyembamba. Misitu ya mwani ya kule iko kwenye maji mafupi, na mwanga ndiko uliko. Na upime upya risasi zako, yale madini mazito ya kiunoni yanayokuzamisha: mpira mnene unaelea. Mimi nilitoka kilo 4 nikafika 10.

Joto jingi hata hivyo hulipoteza botini, kati ya mbizi ya kwanza na ya pili, suti imelowa na upepo unavuma. Vaa koti la mvua juu ya suti. Beba chupa mbili: moja ya chai ya tangawizi, nyingine ya maji ya uvuguvugu ya kumimina shingoni na kwenye glavu kabla ya kujitosa. Iko njia nyingine ya kujipasha ndani ya suti, kila mzamiaji anaijua na hakuna anayekiri. Joto lake dakika mbili tatu. Ndiyo maana siazimi suti tena.

Yule wa Tanga tumewekeana ishara. Kila baada ya dakika kumi, kidole gumba kiguse kidole cha mwisho. Kikishindwa, mbizi imekwisha, hakuna kubishana. Juzi, dakika ya 38, pweza ndiyo kwanza anachungulia kwenye jiwe, nikajaribu: gumba likapita patupu. Nikalijaribu tena, patupu. Nikalisimamisha juu, tukapanda.