Maumivu ya Mshono Baada ya Upasuaji wa Uzazi: Je, Dawa Kali ni Lazima?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji. Nilipewa tramadoli, nikawa nasinzia, natapika na kukosa choo, hata kumnyonyesha mtoto kukawa kazi. Sasa nina mimba ya miezi minane na nimeambiwa nitapasuliwa tena. Dawa zile naziogopa, lakini maumivu nayaogopa zaidi. Mama mkwe ananiambia nijikaze tu. Nifanye nini?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Mama, usijikaze. Mzazi anayevumilia maumivu makali hashuki kitandani, anaogopa kukohoa, na asipotembea anajiongezea hatari ya damu kuganda miguuni. Hata hivyo, wengi hupata nafuu ya kutosha kwa dawa za jamii ya afyuni (mofini, pethidini, kodeini, tramadoli) kidogo sana, au bila hizo kabisa wakisharudi nyumbani.

Kazi inaanzia chumba cha upasuaji. Kabla ya siku yenyewe, mweleze mtaalamu wa ganzi yaliyokupata safari iliyopita. Katika sindano ya ganzi ya mgongoni anaweza kuongeza mofini kidogo mno, takriban mikrogramu 100 hadi 150, ambayo hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24, ingawa huweza kuleta muwasho na kichefuchefu. Pasipo mofini hiyo, daktari anaweza kuchoma dawa ya ganzi kwenye kingo za kidonda au kwenye misuli ya tumbo.

Baada ya hapo, jambo kubwa ni saa. Wazazi wengi husubiri mpaka maumivu yapande ndipo waombe dawa, na yakishapanda hayashuki kwa urahisi. Hapo ndipo dawa kali huitwa. Parasetamoli ya gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, humezwa kila baada ya saa 6 hata kama huumwi sana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku. Pamoja nayo hutolewa ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, au diklofenaki, lakini si zote mbili. Dawa hizi na parasetamoli hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zikiwa pamoja hushinda kila moja peke yake. Ibuprofeni husaidia pia maumivu ya chango, yale ya tumbo kubana mtoto anaponyonya, ambayo kwa uzazi wa pili huwa makali kuliko wa kwanza. Zote huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana. Ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa hizo, sema mapema. Soma pia pakiti, kwa kuwa vidonge vingine vya diklofenaki vimechanganywa na parasetamoli, na ni rahisi kuzidisha bila kujua.

Dawa kali ibaki akiba, kwa maumivu yanayopenya licha ya ratiba hiyo, kwa dozi ndogo na siku chache. Kodeini na tramadoli zina tahadhari ya pekee: miili ya baadhi ya watu huzigeuza haraka mno kuwa dawa yenye nguvu zaidi, ambayo hupita kwenye maziwa na kumlegeza mtoto hata pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanaonyonyesha wasizitumie.

Unapoamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukikohoa au kucheka, kumbatia mto juu ya mshono. Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto, mwombe mama mkwe akukande mgongo na miguu kwa maji ya uvuguvugu, lakini tumbo aliache. Kidonda kibichi hakihitaji joto wala kubonyezwa.

Maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, au ukapata homa ya nyuzi 38 na zaidi, usaha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba, kubanwa pumzi, au kichwa kuuma vikali hasa unapokaa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki haijafika.