Besi Huyu Ana Kilo Ngapi? Wasomaji Wanauliza

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu samaki mmoja: besi wa mdomo mpana, samaki wa maji baridi ambaye kwao ni Marekani na ambaye aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Tumechagua tano na kuzifupisha.

Wenzangu ninaovua nao mshipi kila mmoja husema besi wake ana "ratili sita". Juzi tulimtundika mmoja kwenye mizani, akatoka na nne na nusu. Kuna njia ya kukisia uzito bila mizani, au yote ni majivuno ya wavuvi? (Msomaji, Houston, Texas)

Majivuno yapo, kaka, lakini si yote. Jicho linaona urefu, na uzito hauendi sambamba na urefu. Besi mwenye afya wa sentimita 30 ana takriban gramu 380. Wa 40 anakaribia kilo moja. Wa 50 ana kilo mbili, na wa 60 ana kilo tatu na nusu au zaidi kidogo. Maana yake, samaki akiongezeka robo ya urefu wake, uzito unakuwa maradufu. Ukikosea kidogo kukisia urefu umeshakosea sana uzito, na mvuvi mwenye furaha hakosei kwa kupunguza.

Kwa hiyo usikisie uzito moja kwa moja. Pima vitu viwili, urefu na mzingo, kisha piga hesabu. Kifaa chake ni tepu laini ya fundi cherehani, ile ya plastiki, kwa sababu ya kitambaa huvutika ikilowa. Mzingo unapimwa sehemu ya mwili iliyo nene kuliko zote, ambayo kwa besi huwa mbele kidogo ya mwanzo wa pezi la mgongoni. Lowesha tepu, ipitishe chini ya tumbo, ilaze juu ya mapezi yaliyofungwa, ivute mpaka iguse ngozi pande zote bila kubonyeza nyama. Tepu isikae mshazari. Ikipinda kuelekea mkiani inasoma zaidi ya ukweli.

Wavuvi wa Marekani wana kanuni mbili za inchi na ratili. Ya kwanza inatumika kwa samaki wengi: zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 800. Ya pili wanaipenda zaidi kwa besi: zidisha urefu kwa urefu, kisha kwa mzingo, gawanya kwa 1200. Chukua samaki wa inchi 20 mwenye mzingo wa inchi 14. Ya kwanza inatoa ratili 4.9, ya pili 4.67. Ukisema "ana ratili nne na robo tatu hivi" hakuna atakayekubishia. Wanaopima kwa sentimita wagawanye kwa 28.9 katika kanuni ya kwanza na 43.35 katika ya pili, jibu litatoka kwa gramu. Besi wa sentimita 40 mwenye mzingo wa 27 anatoka gramu 1,009 kwa moja na 997 kwa nyingine.

Kanuni hizi mbili hukubaliana kabisa pale urefu unapokuwa mara moja na nusu ya mzingo. Samaki akiwa mnene kuliko hapo, ya kwanza hutoa jibu kubwa zaidi. Akiwa mwembamba, ya pili ndiyo inayopanda. Zikiachana sana, kabla hujamsifu samaki, rudia kupima mzingo. Kosa huwa hapo mara nyingi, na ni kosa ghali: katika mfano wetu wa inchi 20, inchi moja ya ziada kwenye mzingo inampandisha samaki kutoka ratili 4.9 hadi 5.6 kwa kanuni ya kwanza, ilhali ya pili inafika 5 tu. Ndiyo sababu sisi tungekushauri uiamini ya pili ikiwa umepimia ndani ya boti inayoyumba.

Jambo moja zaidi. Jike mwenye mayai, kabla ya kutaga mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa masika huko Texas, huwa na tumbo kubwa kuliko kawaida yake. Samaki huyohuyo wiki chache baadaye, akiwa ameshataga na hajarudia kula vizuri, atapungua sana bila kupungua urefu hata kidogo. Kwa hiyo "inchi 20 ni ratili tano" si sheria. Huenda ikawa tano mwezi Machi na nne mwezi Mei.

Nashiriki mashindano ya kuvua kwa kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) ambako mshindi hupatikana kwa jumla ya inchi za samaki watano, kwa picha tu, si kwa uzito. Mara mbili waamuzi wamenipunguzia robo inchi. Ninakosea wapi? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Bila kuona picha zako tunataja makosa ya kawaida, nawe ujitafute humo.

Mdomo ulikuwa wazi. Taya la chini la besi limetokeza mbele, kwa hiyo ukifungua mdomo kidogo tu namba inabadilika. Mdomo ufungwe, ncha yake iguse ukuta wa ubao wa kupimia, na mgusano huo uonekane kwenye picha. Kidole kikiuziba, mwamuzi hana namna ila kukupunguzia au kuikataa picha nzima.

Samaki alikuwa amepinda. Besi aliye hai hukunja mgongo, na hapo anapoteza urefu ambao ni haki yako. Lowesha ubao kwanza, umlaze ubavu, funika jicho lake kwa kiganja kilicholowa, subiri atulie. Ubao mkavu uliokaa juani unamchoma, naye anaanza kurukaruka. Tena unamvua ule ute unaokinga ngozi yake.

Mkia ndio wenye ugomvi. Kuna kanuni zinazotaka ncha za mkia zibanwe pamoja ili upatikane urefu wa juu kabisa. Ndivyo sheria ya uvuvi ya Texas inavyopima kiwango chake cha chini cha kawaida cha inchi 14 kwa besi: mdomo umefungwa, mkia umebanwa. Mashindano mengine yanataka mkia ulale wenyewe bila kuguswa. Soma kanuni za mashindano yako kabla ya kuingia majini, maana mkia uliobanwa na uliolala wazi hautoi namba moja, na robo inchi yako inaweza kuwa hapo hapo.

Mwisho ni kamera. Ukipiga picha kutoka upande wa kichwa, mkia unaonekana umevuka mstari ambao haukuvuka. Simu iwe juu ya katikati ya samaki, imetazama chini wima. Na namba inashushwa siku zote: mkia usipogusa mstari wa robo inchi, robo hiyo si yako.

Utepe wa chuma uliolazwa juu ya ubavu usiutumie kabisa. Unafuata mwinuko wa tumbo na kukupa urefu wa ngozi badala ya urefu wa samaki.

Hamjambo wahariri. Mizani yangu ya springi na ya mnunuzi hazikubaliani hata siku moja. Nitajuaje ipi ni ya kweli? Halafu, ni sawa kumning'iniza samaki kwa mdomo? (Msomaji, Naivasha)

Hatujambo. Nunua pakiti ya unga ya kilo mbili ambayo haijafunguliwa, itie kwenye mfuko mwepesi, itundike. Mizani ikisoma mbali na mbili, umepata jibu. Rudia kwa pakiti mbili, kwani springi iliyochoka inaweza kusoma vizuri uzito mdogo na kudanganya kwenye mkubwa. Angalia pia kama sindano inarudi kwenye sifuri ukiondoa mzigo.

Tatizo jingine ni ukubwa wa mizani yenyewe. Mizani ya kilo 50 haifai kumpima samaki wa gramu 800, kwa kuwa nafasi kati ya mstari na mstari inaweza kuwa robo kilo au zaidi. Tafuta ya kilo 5 au 10. Ya dijitali ni bora, mradi betri iwe na nguvu na usome namba ikiwa imetulia. Samaki akitikisika, namba ya juu kabisa inayopita haraka ni mtikiso, haimo katika uzito.

Kabla ya kumlaumu mnunuzi, hakikisha mnampima samaki aliye katika hali moja. Akishatolewa matumbo au kukaa juani saa kadhaa, amepungua kweli.

Kuhusu mdomo: mdogo wa nusu kilo hana shida kwa muda mfupi, akiwa amening'inia wima. Mkubwa usimning'inize hivyo, na usimshike taya moja huku mwili umelala kwa mlalo hewani, kwani uzito wote unaangukia kiungo cha taya. Tumia wavu au mfuko uliolowa: utundike mtupu, rudisha mizani kwenye sifuri, tia samaki, soma. Mizani isiyo na kitufe cha sifuri, pima mfuko peke yake kisha utoe. Pima mfuko ukiwa umelowa tayari, la sivyo utamhesabia samaki maji ya mfuko.

Na ikiwa huna chochote mkononi, una shibiri. Ipime yako mara moja nyumbani kwa rula, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ukumbuke namba. Shibiri mbili za sentimita 20 ni besi wa karibu kilo, akiwa ameshiba.

Mtandaoni naona picha za besi wakubwa ajabu. Nitamtambuaje mkubwa wa kweli? (Msomaji, Mombasa)

Tazama mikono, dada. Mtu akinyoosha mikono kuelekea kamera, samaki yuko karibu na lenzi kuliko mwili wake, kwa hiyo anakua mbele ya kichwa na mabega. Ila vidole vilivyomshika navyo hukua. Ukiona vidole vinene kuliko uso unavyostahili, mpunguze samaki kwa kiasi hicho. Linganisha samaki na mkono uliomshika tu, usimlinganishe na kifua.

Kisha tazama jicho. Jicho la samaki halikui kwa kasi ya mwili. Besi mdogo ana jicho kubwa kwa kichwa chake. Mkubwa kweli ana jicho linaloonekana dogo katika kichwa kipana. Kichwa kikubwa chenye mwili mwembamba nyuma yake ni samaki mrefu mwenye njaa, na uzito wake utakusikitisha.

Wataalamu wa samaki Marekani huwapanga besi kwa urefu: kuanzia sentimita 30 wanamwita wa kiwango, 38 wa kupendelewa, 51 wa kukumbukwa, 63 wa tuzo. Ukiambiwa "wa tuzo" na hakuna tepu kwenye picha, una haki ya kutabasamu.

Rekodi ya dunia ya besi ni ipi, na ilipimwaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni mbili, na zinahesabiwa kuwa sare. George Perry alimvua besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10.09, tarehe 2 Juni 1932 katika Montgomery Lake, jimbo la Georgia. Alipimwa kwenye mizani ya posta ya mji wa Helena, kisha familia ikamla. Tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alimvua wa ratili 22 na wakia 4.97 katika Ziwa Biwa, Japani. Huyu ni mzito kwa karibu wakia moja, lakini kanuni za IGFA, shirika linalotunza rekodi, zinataka samaki wa chini ya ratili 25 amzidi wa zamani kwa wakia mbili kamili. Kwa hiyo wote wawili wamo kitabuni.

Vipimo vilivyoandikwa kwa samaki wa Perry ni urefu wa inchi 32.5 na mzingo wa 28.5. Viingize kwenye kanuni zetu: ya kwanza inatoa ratili 33, ya pili 25. Zimeachana kwa ratili nane, na zote ziko juu ya mizani. Ama samaki yule alikuwa na umbo lisilo la kawaida, ama tepu ilikosea. Sisi tungeishuku tepu kabla ya mizani, hasa ile ya mzingo. IGFA nao, kwa rekodi za uzito, wanadai mizani iliyothibitishwa na hawakubali uzito wa kukokotoa.