Kuokoa Kiini Hai cha Jino la Ukubwani Lililooza: Kwa Wanaoanza Kazi ya Meno

Mgonjwa wa miaka 14 akija na gego la kwanza la chini lililotoboka sana, usikimbilie koleo. Gego hilo liliota akiwa na miaka kama 6, na linapaswa kudumu naye mpaka uzeeni. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mizizi bado haijafunga ncha. Kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino yenye neva na mishipa ya damu, kikifa, mzizi huacha kukua, kuta zake hubaki nyembamba na jino huvunjika kirahisi.

Adui hapa ni vijidudu kuliko tundu lenyewe. Mwaka 1965 Kakehashi na wenzake, nchini Marekani, walitoboa magego ya panya mpaka kwenye kiini. Kwa panya waliolelewa bila vijidudu kabisa, kiini kilipona na kujijengea daraja la dentini, yaani ukuta wa tishu ngumu ya jino unaoziba tundu. Kwa panya wa kawaida kilioza. Kila hatua inayofuata inatokana na hilo.

Pima kwanza. Baridi ikiuma na maumivu yakakatika mara inapoondolewa, kiini kina nafasi nzuri. Maumivu yanayong'ang'ania, au yanayomwamsha mgonjwa usiku, yanaonyesha uvimbe mkubwa zaidi, ila hata hapo kiini cha kwenye mizizi huweza kuokoka. Jino lisilohisi baridi kabisa na lenye kitundu cha usaha kwenye fizi ni la tiba ya mzizi, yaani kutoa kiini chote, kusafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Kwa mtoto ambaye mizizi haijafunga, kipimo cha baridi hudanganya. Usikitegemee peke yake.

Piga ganzi, tenga jino kwa mpira ili mate yasiingie, kisha safisha uozo kuanzia pembeni. Kuta zote za pembeni ziwe ngumu mpaka kijiko cha kukwangulia kitoe sauti kavu ya mkwaruzo. Juu ya kiini, acha tabaka laini kiasi, linalobonyea kama ngozi ya kiatu, kisha ziba. Wanaoanza wengi hufanya kinyume: huchimba katikati mpaka kote kuwe safi, huku wakiacha uozo pembeni chini ya enameli. Wanafunua kiini bure, halafu wanaweka kizibo kitakachovuja.

Kiini kikifunuka, usiendelee na keekee ile ile iliyokuwa kwenye uozo. Chukua ya almasi iliyotakaswa, na kwa maji mengi kata kiini kwa kina cha kama mm 2. Bonyeza taratibu kwa pamba iliyoloweshwa sodiamu haipokloraiti kwa dakika 5. Pamba kavu usiiweke: nyuzi zake hunasa kwenye damu iliyoganda, ukiitoa inang'oka nayo na damu inaanza upya.

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na tunauamini kuliko maelezo ya maumivu. Damu ikikata, endelea. Ikizidi dakika 10, kiini ulichobakiza bado kina uvimbe. Kata chote cha ndani ya taji (sehemu ya jino iliyo juu ya fizi) mpaka kwenye midomo ya mizizi, ubonyeze tena. Ikikataa hata hapo, hamia tiba ya mzizi. Usiizime kwa dawa ya kugandisha damu, utakuwa umeficha dalili uliyokuwa unaitafuta. Na usipoona damu yoyote kwenye mdomo wa mzizi mmoja, huo umeshakufa.

Funika kwa MTA, saruji ya meno ya kalsiamu silikati: sehemu 3 za unga kwa 1 ya maji, unene usiopungua mm 2, ukiitandaza kwa pamba yenye unyevu bila kuisukuma ndani. Kwa meno ya mbele tafuta saruji ya kalsiamu silikati isiyo na bismathi, kwani MTA ya kawaida huweza kulitia jino weusi. Kalsiamu hidroksidi ni ya bei nafuu, lakini huyeyuka kadiri muda unavyopita, na daraja linalojengeka chini yake mara nyingi huwa na matundu.

Juu yake weka glasi ayonoma (saruji ya kuzibia meno), kisha kizibo cha kudumu siku hiyo hiyo. Kazi nzuri nyingi huharibikia hapa, mgonjwa anaporudi nyumbani na kizibo cha muda, kikavuja kabla hajarudi.

Mwite tena baada ya miezi 6, kisha 12, halafu kila mwaka. Muulize maumivu, gonga jino, piga eksirei uangalie ncha za mizizi. Ulipokata kiini chote cha taji, jino kutosikia baridi si dalili mbaya, tegemea picha.